Klabu Mbili na Dada Mmoja

Akalla, Stockholm
10 Machi 2024

Mdogo wangu Béata,

Pokea salamu za kutoka kwenye baridi. Huku sote wazima. Mgongo wa mke wangu Annick umetulia, amerudi kazini na ameanza tena kunigombeza, kwa hiyo najua amepona. Binti yetu Elise anasoma, anakula, na nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. Nikinuna anacheka. Mimi bado nipo na wazee wangu kwenye ile nyumba ya wazee ya Sundbyberg, nawaogesha, nawapa kahawa, nawasikiliza wakilalamika. Theluji iliondoka juzi, jana ikarudi.

Nawe je? Vitenge vinatoka? Mwanao Fidèle amepata kazi? Jirani yako Josephine bado anasikiliza simu yako kuliko wewe mwenyewe? Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono. Ule ujumbe wa sauti niliokutumia Krismasi, nilijibiwa na Buyenzi nzima.

Sasa sikiliza. Nimenunua karavani. Usishtuke, ni nyumba ndogo ya magurudumu, unaifunga nyuma ya gari unakwenda nayo. Ina vitanda, jiko la gesi, meza ya kukunja na dirisha lenye pazia. Watu wa huku kiangazi kikifika wanaivuta hadi ziwani, wanakaa nje ya mlango wake, wanaangalia maji. Nimewaangalia miaka yote hii nikasema na mimi nina macho. Annick aliizunguka mara moja tu, akauliza: "Na choo?"

Hapo ndipo penye kazi. Ukiwa na karavani unahitaji klabu, na klabu ziko mbili zinazonivuta mashati. Moja inaitwa Granen. Ni ya Waswidi, ina kiwanja chake kando ya ziwa Mälaren, umeme, vyoo vinavyong'aa, na saa nne usiku hata mbwa ananyamaza. Ya pili ni Umoja wa Magurudumu, ya watu wetu: Warundi, Wanyarwanda, Wakongo, Waganda na Wakenya kidogo. Hao hawana kiwanja, hukodi shamba la mtu. Wanapika sufuria moja, wanaimba, na choo ni hadithi ndefu. Mwenyekiti wake ni rafiki yangu Ludovic, yule dereva wa basi wa Hjulsta aliyekuletea viatu na dawa mwaka jana alipokuja Bujumbura kuondoa matanga ya kaka yake. Ludovic ameweka sheria kwamba ukiingia Umoja huruhusiwi kuwa mwanachama kwingine. Yaani kama ndoa!

Elise anasema Granen. Ludovic kila akiniona anasema, "Fomu yako iko wapi?" Mwisho wa Aprili lazima niwe nimeamua. Wewe tangu utotoni ndiye uliyenichagulia hata mashati. Niambie.

Kaka yako,
Zénon


Buyenzi, Bujumbura
7 Aprili 2024

Kaka Zénon,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimejifungia ndani, na Josephine akibisha mlango kuuliza kama naumwa. Salamu zako zimefika kwa wote. Mvua imefanya barabara yetu kuwa mto, wateja wanavuka wamebeba viatu mkononi, wananunua kitenge, kisha wanakitumia kujifuta miguu. Fidèle bado anatafuta kazi. Shalom na mume wake wako salama kule Gitega, mtoto ameota meno. Petroli hakuna. Ukiona foleni ya magari hapa mjini usiulize, ni pampu.

Umenunua nyumba ya kuvuta. Haya! Ulipokuwa mdogo ulikataa hata kulala kwa shangazi kwa sababu mto wake ulikuwa mgumu. Annick namwonea huruma, na swali lake ni swali la mtu mwenye akili.

Umeniuliza, nami nakujibu: ingia Umoja wa Magurudumu. Usizunguke. Ludovic ni mtu wa maana. Mtu anayetoka mbali kiasi kile na kubeba viatu vya watu si wa kuchezewa. Alipokuja kuleta mzigo wako alikaa hapa kibandani, siku ya pili akarudi kuuliza kama viatu vimenitosha, siku ya tatu akarudi kuuliza kama dawa nimeanza kumeza. Wateja walidhani nimeajiri mtu. Alinisaidia hata kukunja vitenge, ingawa anakunja vibaya sana.

Bado anakohoa asubuhi? Mwambie aache kuvaa lile sweta la kijani, limechakaa viwiko. Au usimwambie, nitajua mwenyewe la kufanya.

Zénon, nakuomba kama dada yako, usimwudhi mtu huyo mwaka huu. Mwaka mwingine ukitaka, mwudhi. Sababu ninayo, na utaambiwa na anayestahili kukuambia. Mimi mdomo nimeufunga.

Barua hii anakuja nayo Vainqueur, kijana wa parokia yenu. Anapanda ndege kesho.

Dada yako,
Béata


Akalla
19 Mei 2024

Béata wa mama yangu,

Tumshukuru Mungu tu wazima, na jua limetoka hadi saa nne usiku tunasoma bila taa. Elise amepata kazi ya kiangazi kwenye duka la maua. Mjukuu wako hongera kwa meno.

Vainqueur nitamfanyaje? Alipanda ndege kweli, akashukia Brussels kwa mchumba wake, akakaa huko mpaka juzi. Barua yako nimeipata ikiwa imekunjwa kwenye soksi. Na mimi mwisho wa Aprili ulishanipita. Annick alikwenda kuviona vyoo vya Granen, akarudi akaandika jina langu yeye mwenyewe. Kwa hiyo mimi ni mtu wa Granen, ndugu yangu, na lililonipata huko kaa chini nikueleze.

Tulifika wikendi ya sikukuu ya Kupaa. Sasa, mgeni akifika pahala anakwenda kuwasalimu wenyeji, hilo tumelelewa nalo. Annick akakaanga maandazi, mimi nikavaa koti na tai, nikaanza kupita karavani moja hadi nyingine. Nagonga, nasema: "Naitwa Zénon, nimefika leo, nimekuja tujuane." Mzee wa kwanza alinikazia macho, akachukua andazi, akasema, "Hatimaye! Maji ya bafuni ni baridi wiki nzima." Nikasema pole. Wa pili akanipeleka kunionyesha pampu. Mama mmoja akanieleza habari za mbwa wa jirani yake, na jirani akaja kueleza habari za mama yule. Mimi kazini nimezoea, nikajua ndivyo wanavyosalimiana. Nikasikiliza wote. Nikapatanisha wenye mbwa. Bafuni nikazungusha kile kifungo cha nyuma ya mlango, maji yakapata moto.

Kumbe mlezi wa kiwanja, anayeshughulikia maji na malalamiko, alikuwa amejiuzulu Pasaka, na waliahidiwa mpya! Huku hakuna mtu anayegonga mlango wa mtu asiyemjua isipokuwa ana cheo. Nilipomwambia mwenyekiti wao, mama mmoja anaitwa Gunvor, kwamba mimi ni mgeni tu mwenye maandazi, alicheka mpaka akashika mlango. Jumamosi wakaitana, wakanyoosha mikono, wakanichagua mimi niwe mlezi wa kiwanja kiangazi chote. Funguo ninazo hapa mezani. Nisione fahari kwa nini?

Ila Ludovic amekasirika. Kesho yake Jumapili, baada ya misa, mbele ya watu wote kwenye kahawa, akasema, "Kuna watu wakipewa ufunguo wa choo cha Wazungu wanasahau walikotoka." Nikamjibu, "Na kuna watu wakipewa kipaza sauti wanadhani wamepewa na akili." Watu walicheka vibaya sana. Yeye hakucheka. Tangu hapo hanisemeshi, akiniona anaangalia saa.

Na jambo la ajabu. Kabla ya ugomvi alikuwa ameniambia atakuja kwangu Jumamosi moja ya Juni, pamoja na Okech, mwenzake wa Umoja, na wazee wawili, wamevaa suti, "tuna neno na wewe." Sasa ametuma ujumbe kwamba hawaji. Bila shaka walitaka kuja kunibembeleza niingie Umoja. Afadhali, nimeokoa chai. Nilipomwambia Annick hivyo, aliniangalia muda mrefu, akasema, "Zénon, wewe!" akaingia jikoni.

Ulisema una sababu ya kutomwudhi. Sababu gani? Kama ni viatu, nilishamshukuru.

Mlezi wa Kiwanja,
Kaka yako Zénon


Buyenzi
9 Juni 2024

Zénon,

Leo sina salamu. Haya, tu wazima, Fidèle amepata kazi bandarini, sasa nisikilize.

Wale watu wa suti walikuwa wanakuja kuniposa mimi.

Rudia kusoma. Mimi, Béata, dada yako, mwenye umri wa miaka hamsini na moja. Okech alikuwa msemaji wao. Ulidhani watu wazima watavaa suti Jumamosi kwa ajili ya magurudumu? Annick alielewa, Josephine ameelewa kupitia ukuta, mtoto mchanga wa Gitega nadhani ameelewa. Umebaki wewe na funguo zako za choo.

Ludovic hunipigia simu kila Jumapili tangu alipoondoka. Hatukukuambia kwa sababu yeye alitaka mambo yaende kwa utaratibu: Baba hayupo, kwa hiyo wewe ndiye baba, na mtu haendi kumwambia baba kwa simu. Nikasema sawa, nitafunga mdomo, aje mwenyewe na watu wake. Na wewe ukamwaibisha mbele ya kanisa zima. Jumapili iliyopita aliniambia, "Béata, nitakwenda kuinama mbele ya mtu aliyesema sina akili? Na wazee wangu wakae kwenye kiti gani?" Anasema anangoja. Mwanamume akisema anangoja, baadaye anazoea kungoja, halafu anasahau alikuwa anangoja nini. Nawajua.

Niseme na hili, maana nimeshachemka. Gaspard wangu alikufa, nikalia, nikalea watoto, wameondoka. Jioni nafunga kibanda, napika chakula cha mtu mmoja, sufuria inanicheka. Nataka kuolewa, Zénon. Nimeandika. Nataka mtu wa kunikunjia vitenge vibaya nikamgombeza. Sioni haya, na wewe usinionee haya.

Mambo ya klabu sijui na sitaki kujua. Tengeneza ulichoharibu. Na barua inayokuja ikianza na habari za bafu, nitaipa Josephine aisome barabarani.

Béata


Akalla
15 Julai 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua wewe ndiye mdogo, lakini leo unastahili.

Barua yako niliisoma kwenye treni nikitoka kazini Sundbyberg. Nilipoinua kichwa nilikuwa Hjulsta, kituo cha mwisho, nimepanda treni ya upande mwingine kabisa. Mtaa wa Ludovic! Nikasimama pale juu ya ngazi, nikaona jengo lake, nikasema niende nimgongee nimwambie, njoo bwana, mchukue. Miguu ikakataa. Sisi ni upande wa binti. Nani alishawahi kuona kaka anakwenda kugonga milango akimtangaza dada yake kama nyanya? Wangesema tunakusukuma. Nikarudi nyumbani, na Annick akanipokea mlangoni kwa kusema, "Umeelewa sasa?" Nililala bila kula.

Nikatafuta njia. Nikasikia kwamba yule mwenye shamba amewakatalia Umoja mwaka huu, kwa sababu ya muziki wa mwaka jana. Karavani zao zote zimeshaoshwa na hawana pa kwenda. Nikaenda kwa Gunvor, nikamwomba ule uwanja wa chini kwa wageni wangu. Akauliza, "Ni watulivu?" Béata, nilimwambia mama wa watu uongo mweupe. Kisha nikatuma neno kwa Okech: karibuni nyote kando ya maji. Ludovic alitaka kukataa, lakini wanachama walikuwa wameshafunga karavani nyuma ya magari, mwenyekiti angebaki peke yake na kipaza sauti.

Wakaja Ijumaa. Sasa mimi ndiye mwenyeji na yeye ndiye mkubwa wa wageni, na mkubwa wa wageni hupita kumsalimu mwenyeji. Alijua hivyo, na mimi nilijua kwamba anajua. Jumamosi nikavaa tai, nikakaa kwenye kiti mbele ya karavani. Akapita kwenda kuchota maji. Akarudi. Akapita tena, na ndoo ilikuwa bado imejaa. Annick akachoka na sisi, akaenda kumwambia Okech maneno ambayo mpaka leo anakataa kuniambia. Kidogo nawaona wanakuja: Okech, wazee wawili wenye kreti ya vinywaji, na Ludovic nyuma yao amevaa suti katika joto lile, jasho linamtiririka.

Nilisimama kabla hawajafika. Watu wa Umoja walikuwa upande huu, wa Granen upande ule, wote wanatazama. Nikasema kwa sauti, "Ludovic, niliyoyasema kanisani nilitaka watu wacheke tu. Una akili, na una moyo, na mimi nilikosa vyote viwili siku ile. Nisamehe." Kuomba msamaha si kumtangaza dada, nilipima kabla. Akasema, "Na mimi ya choo nimeyafuta." Tukakumbatiana, na koti lake lilikuwa limelowa chapachapa.

Wakakaa. Okech akakohoa, akaanza: "Mwenyeji, tumepotelewa na ng'ombe wetu. Tumefuata nyayo kutoka Hjulsta, zimeishia hapa." Nikasema hapa kuna karavani, sijaona ng'ombe. Akasema huyo ng'ombe yuko Buyenzi anauza vitenge. Nikasema Buyenzi wauza vitenge ni wengi. Nilimchelewesha, Béata, nilimzungusha hasa, usije ukadhani ulitoka kirahisi! Ludovic alikuwa anaangalia viatu vyake kama mvulana. Gunvor akaja mbio kuuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hawa wamekuja kumtaka dada yangu. Akasema, "Basi lazima kuwe na kahawa," akaleta na mikate ya mdalasini, akakaa upande wetu wa binti, na kila Okech alipomaliza sentensi akatikisa kichwa kukataa, ingawa haelewi neno. Tulikuwa na nguvu upande wetu, kwa kweli.

Mwisho nikawajibu: nimesikia, kreti nimeipokea, lakini neno si langu. Mwenyewe ataulizwa.

Kwa hiyo mimi ninakuuliza, kwa niaba ya Baba. Unamtaka Ludovic? Usijibu kwa sababu nilikuaibisha nikatengeneza, wala kwa sababu suti zimeshavaliwa. Ukisema hapana, nitawarudishia kreti yao na hakuna mtu atakayekunyooshea kidole nikiwa hai. Ungeweza kunijibu kwa simu, lakini jambo hili nalitaka kwa mkono wako, si kwa masikio ya Josephine. Na nimemkataza Ludovic kukupigia mpaka jibu lije. Anateseka sana. Mwache kidogo.

Mimi niseme la kwangu, halafu ninyamaze. Nilidhani umeshazoea kuwa peke yako, kwa sababu barua zako zinachekesha. Ukija kukaa huku nitafurahi mpaka nitaudhi watu.

Ile sheria ya klabu moja Ludovic ameifuta mwenyewe. Mimi nimebaki Granen, na mwakani nitalipia na Umoja. Anasema kahawa ya Granen ni maji ya kuoshea vyombo. Tumekubaliana kutokubaliana.

Tarehe saba Septemba, Jumamosi, Umoja wote wanakuja tena kufunga kiangazi. Wazee wa Ludovic watakuwa wamekaa wanangoja neno. Niandikie.

Kaka yako,
Zénon


Buyenzi
11 Agosti 2024

Kaka yangu Zénon,

Salamu kwa wote. Nyumbani salama, vumbi tu la kiangazi. Fidèle amepokea mshahara wa kwanza, ameninunulia mwavuli katikati ya jua, nimemshukuru hivyo hivyo. Shalom alikuja na mtoto, nikamwambia habari zangu, akalia, nikamuuliza unalia nini, akasema, "Mama, nilikuwa naogopa kukuuliza kama uko mpweke." Basi tukalia wote, na mtoto akatuona akaanza na yeye.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Namshukuru Annick kwa yale maneno ambayo hataki kuyasema, mimi ataniambia. Msalimie na yule mama wa mdalasini aliyekaa upande wetu. Mwambie nina kitenge chake.

Uliniuliza kwa niaba ya Baba. Hakuna aliyewahi kuniuliza, unajua? Kwa Gaspard, Baba na wajomba waliongea uani, mimi nilikuwa jikoni, nikasikia vigelegele ndipo nikajua nimeolewa. Nilimpenda baadaye, alikuwa mtu mzuri. Lakini sikuulizwa. Nilipofika kwenye mstari wako nilikiweka kitenge nilichokuwa nakipima, nikakaa chini.

Nimefikiria kila kitu. Baridi nimeifikiria. Lugha nimeifikiria, nitajifunza kwa Elise, na yeye atajifunza kwangu apende asipende. Kibanda Shalom anakitaka. Karatasi za safari zitachukua muda wake, na mimi muda wa kungoja nimejaliwa.

Ndiyo. Ninamtaka.

Lakini usimwambie Ludovic pembeni, wala usimtumie ujumbe, hata akikonda. Subiri hiyo Jumamosi. Tangu Gaspard afe, jina langu hutajwa msibani, mjane wa marehemu asimame, au hutajwa pale watu wanapotafuta mpishi wa harusi ya mtu mwingine. Nimesimama, nimepika, sijakataa. Safari hii nataka litajwe kwa sababu yangu.

Kwa hiyo wakishakaa wote, wa Umoja na wa Granen, usimame katikati yao na useme kwa sauti kubwa: Béata amekubali. Mimi nitakuwa hapa kibandani, napima kitenge cha mtu, sitasikia chochote.

Sema kwa sauti hivyo hivyo.

Dada yako,
Béata